Sarafu za Bwana Mikutano

Gari lilikuwa limeshawashwa na mabegi yamefungwa juu kwa kamba, ndipo Bwana Mikutano akakumbuka kwamba alikuwa hajamdhulumu dada yangu vizuri. Akafungua mlango, akateremka tena.

Alikuwa anahama nchi. Binti yake aliyeolewa ng'ambo alimtumia tiketi, na tangu tiketi ifike, mtaa mzima ulikoma. Ukimsalimia, anakujibu kwa hali ya hewa ya huko anakokwenda. Huyu bwana ni kaka wa marehemu mume wa dada yangu. Alifanya kazi katika ofisi ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kumpeleka mikutanoni, leo nchi hii, kesho ile. Watu wakampa jina hilo la Bwana Mikutano, naye akalipokea kama cheo. Mimi nimemsikiliza miaka mingi akisimulia hoteli alizolala na ndege alizopanda, na mpaka leo sijasikia mkutano hata mmoja ulioamua kitu.

"Shemeji," akamwambia dada yangu pale kibarazani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "usidhani nimekusahau. Nyumba ilikuwa ya baba yetu, na mdogo wangu alikuwa na haki yake humu. Haki yake nimekuwekea."

Akampa dereva ishara. Dereva akanitazama mimi, kwa kuwa kila penye kitu kizito watu hunitazama mimi, ingawa nina mvi kichwa kizima. Tukaingia naye chumbani, tukatoka na makopo ya biskuti, yale makubwa ya bati, mengine yamefungwa kwa mpira wa tairi yasifumuke. Kila kopo liliuvuta mkono chini kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

"Humo mna dunia nzima," akasema Bwana Mikutano. "Kila nchi niliyokwenda, nilirudi na sarafu zake. Nyumba nimeuza, ndiyo, lakini nyumba ni matofali tu. Kilicho bora cha nyumba hii sikukiuza. Nimekuachia wewe."

Aliyenunua nyumba alikuwapo palepale, ameshika funguo. Ni mama mmoja mwenye ukumbi wa harusi nyuma ya ukuta wetu, na kila mtu anamwita Mama Ukumbi. Maneno hayo yalipotoka, niliona macho yake yanashuka kwenye makopo, yanatulia pale, kama paka anavyoitazama sufuria iliyofunikwa.

Dada yangu hakuyatazama makopo. "Na chumba cha mbele, shemeji?"

"Hayo mtaongea na mwenye nyumba," akasema. "Mimi sasa ni mtu wa safari."

Akapanda gari. Akapunga mkono kwa kiganja kile cha kufungulia mikutano. Likaondoka.

"Huyu bwana ameuza nyumba," nikasema, "akakuachia chenji."

"Tena chenji ya watu wengine," akasema dada yangu, akaingia ndani kuendelea na shati la mteja.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa maisha yake. Si kikubwa. Kina mlango wa barabarani, dirisha moja la kuingiza mwanga upande wa kushoto wa cherehani, ambako fundi anautaka, meza ya kukatia aliyoichonga marehemu mwenyewe, na ukuta wenye misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha. Wateja wake hawajui jina la mtaa. Wanajua mlango ule. Fundi akihama mlango, nusu ya wateja hudhani amekufa, na nusu nyingine hupata kisingizio cha kutorudi kulipia nguo walizokopa. Mume alipofariki, cherehani haikusimama hata kidogo, maana matanga nayo yalikuwa na nguo za kushonwa.

Mama Ukumbi hakuwa na haja na fundi. Alikuwa na haja na lango. Alitaka kuvunja chumba kile ili magari ya maharusi yaingie ukumbini kwa kupitia barabara kubwa. Alikuja jioni ileile, akapima ukuta kwa hatua zake, viatu vyake vya visigino vikigonga sakafu kama nyundo.

"Nakupa mpaka mvua ziishe, fundi," akasema. "Sina roho mbaya."

Watu wenye roho nzuri nimekutana nao katika safari zangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitangazia.

Basi nikamwambia dada yangu, "Nipe kopo moja. Pesa ni pesa. Tukizibadilisha, huenda tukapata chumba kingine hata kama ni cha uchochoroni."

"Wewe?" akaniambia bila kuinua macho kwenye mshono. "Kaka, umezunguka dunia yote hiyo, umerudi na sandali za kuazima. Yeye angalau amerudi na makopo."

Mdogo wako akikupa pa kulala, umempa pia haki ya kukusema. Nikachukua kopo nikaenda zangu.

Benki walinikalisha kwenye kiti cha baridi mpaka nikapewa zamu. Dirishani alikuwapo binti mwenye kucha ndefu mno, kiasi kwamba alibonyeza mashine kwa kalamu. Nikafungua kopo. Akarudi nyuma kidogo, kama nimemfungulia nyoka.

"Sarafu za nje hatupokei, mzee. Noti tu."

"Kwani sarafu si pesa?"

"Ni pesa kwao."

"Na noti zao si za kwao pia?"

Akafikiri. Nilimwona kabisa akifikiri, ilikuwa kazi ya kumtoa jasho. "Noti haina uzito, mzee," akasema, kisha akamwita anayefuata.

Toka hapo nikaenda kwa mbadilisha fedha mwenye kibanda cha vioo karibu na stendi. Huyu angalau alinichangamkia. Alivaa miwani juu ya miwani, akachambua sarafu kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Hii ilifutwa. Hii ilibadilishwa, wakakata masifuri. Hii nayo haipo tena.

"Haipo vipi na mimi nimeishika?"

"Sarafu ipo, mzee," akasema. "Nchi ndiyo haipo."

Akaomba abaki na moja yenye tundu katikati, atundikie ufunguo wake. Bure. Nikamwambia kwetu hata tundu linauzwa. Akacheka mpaka miwani ya juu ikaanguka, lakini hakununua tundu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hakunikaribisha hata kukaa. Aliona kichwa cha mtu kwenye sarafu moja, akalirudisha kopo kwa ncha ya mguu. "Huyu ni mkubwa wa watu," akasema. "Mimi nayeyusha sufuria, mzee, nayeyusha mabomba. Siyeyushi mkubwa wa mtu. Ukiyeyusha sufuria haina ubalozi." Mtu huyo uani kwake kulikuwa na vifuniko vya mitaro ya manispaa vimepangwa kama sahani. Woga wake ulikuwa unachagua.

Mwisho nikakumbuka lile sanduku la kioo kwenye ofisi ya wasafiri, lenye picha ya mtoto anayetabasamu na maneno ya kumwomba msafiri atumbukize sarafu zake za kigeni ziwasaidie yatima. Nikasema, kama hazitatusaidia sisi, basi zikamsaidie mtoto. Sikuzitia kwenye sanduku, maana sanduku lile silijui tumbo lake linaishia wapi. Nikazipeleka kwenye kituo chenyewe cha yatima, huko juu mlimani, kwa miguu, kopo begani.

Mlezi wa kituo alikuwa mama mnene mwenye aproni iliyolowa maji ya kufulia. Alipoona kopo, hakunikaribisha. Aliguna.

"Njoo nikuonyeshe, baba."

Akanipeleka nyuma, akafungua stoo. Magunia. Mengine yamepasuka, sarafu zimemwagika sakafuni mpaka mlangoni, na panya ameshazizoea, anapita juu yake kama anapita kwenye zulia.

"Yote haya ni huruma," akasema. "Kila msafiri akirudi, anatuletea asichokitaka, halafu anapiga picha na mtoto. Wazungu wanaleta za kwao, wetu wanaleta za wazungu. Benki hawazitaki, sokoni hawazitaki. Mtoto hatafuni sarafu. Wewe una sabuni?"

"Sina."

"Basi beba kopo lako. Na usikasirike."

Sikukasirika. Nilimkasirikia mwingine. Njiani nikishuka, niliwaza jinsi watu walivyo hodari wa kutoa. Mtu hakupi shati mpaka kola imeliwa na shingo yake. Hakupi kiti mpaka mguu mmoja umelegea. Halafu anasimama mbele yako anasubiri umwombee dua. Nimekaa nchi nyingi, nimeosha vyombo vya watu, nimepakua mizigo yao na kuchimba mashimo yao, na kila mahali nilipewa vitu. Nikivikumbuka vyote, hakuna hata kimoja ambacho aliyenipa alikuwa bado anakitaka.

Dada yangu aliponiona narudi na kopo lilelile, alisema tu, "Liweke chini ya meza, na wenzake."

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha Mama Ukumbi aliporudi, safari hii kwa hasira isiyotuhusu. Katika harusi ya juzi yake, mafeni yalipowashwa na milango ikawa wazi, mapazia ya ukumbi yaliruka. Aliyanunua dukani, kitambaa chepesi cha kung'aa. Moja lilimvaa bwana harusi kichwani katikati ya hotuba ya baba mkwe, na alipojitahidi kujitoa akazidi kujisokota, mpaka watu wakaanza kumshangilia. Picha zimeenea kwenye simu za mji mzima.

"Nataka mapazia yanayotulia," akasema. "Kama ya hoteli kubwa. Umewahi kushona ya hoteli wewe?"

"Nimeshona," akasema dada yangu.

"Basi nishonee. Yakitulia, chumba hiki sikivunji. Utakuwa fundi wa ukumbi wangu. Yakiruka, wewe ndiye utakayeruka."

"Yatatulia."

Alipoondoka nikamuuliza dada yangu amepata wapi ujasiri huo. Akaniambia pazia la hoteli halitulii kwa adabu yake, linatulia kwa sababu ndani ya pindo la chini fundi ameshonea vipande vya risasi, ile madini nzito, kila kimoja kwenye mfuko wake mdogo, ili kitambaa kivutwe chini. Kazi ile aliifanya zamani, hoteli wenyewe wakileta risasi. Hapa mjini hazipatikani, na Mama Ukumbi si mtu wa kuagiziwa kitu.

Akakata uzi. Kisha tukatazamana, halafu wote tukatazama chini ya meza.

"Hazitashika kutu?" akauliza.

Mimi sikujua. Sarafu nilizopata kuzijua hazikukaa kwangu muda wa kutosha kushika kitu chochote. Akampigia simu Bwana Mikutano huko ng'ambo, kwa kuwa ndiye mwenye elimu ya sarafu. Dada yangu aliifungua sauti nami nisikie. Bwana Mikutano alimjibu kama yuko jukwaani, maji ya kunywa yapo mbele yake.

"Shemeji, pesa za wenzetu hazishiki kutu. Nchi iliyoendelea haiwezi kutoa sarafu ya kushika kutu. Ingekuwa aibu kimataifa."

Tukamwamini. Huo ndio ujinga wetu. Mtu tumemjua maisha yake yote, tunajua hata namna anavyodanganya, lakini akisema kutoka mbali kwa sauti ya simu ya nje, tunaona kama amesoma huko.

Dada yangu alishona kazi ile ambayo sijui kama atashona nyingine kama hiyo. Alikata vitambaa vizito, akavitia bitana, akaweka vikunjo vya juu kwa kuvipima na kidole. Mimi nikachagua sarafu pana, zenye uzito. Alishona mifuko midogo pindoni, nchi moja kila mfuko, akaifunga kwa mkono kwa sindano nyembamba ili mshono usionekane upande wa wageni. Wafalme, ndege, simba, wanawake wenye mundu, mashua, vinara vya taa, wote wakaingia gizani mmoja baada ya mwingine. Nilisema, "Hatimaye wamepata kazi." Akasema, "Hata wewe utapata."

Siku ya kutundika, Mama Ukumbi aliwasha mafeni yote mpaka mwisho, akaamuru milango yote ifunguliwe. Mapazia yalipepesuka mara moja tu, yakajishusha, yakatulia kama wazee kikaoni. Mama Ukumbi alizunguka akitafuta kosa. Hakuliona. Hakushukuru pia. Kesho yake nikamsikia anawaambia wateja kwamba mapazia yameshonwa kwa utaalamu wa nje, na kwa kweli hakukosea sana.

Chumba kikabaki. Wajenzi waliokuja kuangalia ukuta wakarudishwa. Dada yangu alimwambia mwenye ukumbi neno moja tu: "Yakichafuka niletee mimi."

Hakuletewa. Sherehe mbili tatu, watoto wakafuta mikono, mtu akamwaga soda nyekundu, na Mama Ukumbi akaona kwa nini amlipe fundi kufua wakati vibarua wapo. Akatafuta vibarua wawili, wakayaloweka mapazia kwenye mapipa pamoja na dawa ya kung'arisha nguo. Mvua ya mwisho mwisho ikashika. Wakayaacha humo, wakiona heri yaloane pipani kuliko kambani.

Mama Ukumbi alikuja nao asubuhi, vibarua wamebeba pazia moja mabegani kama wamebeba mgonjwa. Akawaamuru walitandaze juu ya meza ya kukatia. Pindo lote, toka pembe hadi pembe, lilikuwa na madoa ya kahawia, ya duara, yamepangana kwa nafasi sawa. Ungesema kuku mwenye tumbo la kuhara amepita pale kwa gwaride.

"Yote yako hivi," akasema. "Yote. Na keshokutwa nina harusi ya mtoto wa mkubwa. Fundi wa hoteli. Fundi wa hoteli gani wewe?"

Dada yangu aligusa doa moja kwa kidole, akanusa. "Kutu," akasema. "Mmeyaloweka?"

"Usiniulize nilichofanya na mali yangu. Mimi nakwambia utakachofanya wewe. Fungasha cherehani. Wajenzi wanakuja kesho."

"Nilikwambia uniletee."

"Na mimi nilikwambia yakiharibika unatoka."

"Ulisema yakiruka. Hayakuruka."

Kibarua mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Mama Ukumbi akapandwa na hasira. Akanyakua mkasi mezani, mkasi ambao dada yangu hampi mtu kuushika, akachana pindo kwa nguvu ili atuonyeshe uchafu tulioushonea. Sarafu zikamwagika sakafuni. Nyingi zilikuwa zimegeuka kahawia, zimevimba pembeni. Lakini moja ilizunguka, ikazunguka, ikalala mbele ya kiatu chake, pembeni rangi ya fedha na katikati rangi ya dhahabu, safi kama imetoka kiwandani leo.

Akainama, akaiokota. Akaigeuza. Akaiuma. Nilijua wakati uleule anachokikumbuka, kwa sababu macho yake yalishuka chini ya meza bila kutafuta, kana kwamba yalikuwa yanajua njia.

"Fundi," akasema, na sauti ilikuwa imevaa nguo nyingine. "Hizi ndizo zile za makopo?"

"Ndizo."

"Na makopo mengine?"

"Yapo hapo."

"Kwa nini ulizificha kwenye mapazia yangu?"

"Sikuzificha. Nimezitia ziwe uzito."

"Mtu anatia pesa iwe uzito?"

"Si pesa, mama. Benki wamezikataa."

"Nani alikwenda benki?"

"Kaka yangu."

Mama Ukumbi akanipima kuanzia vidoleni kwenda juu, taratibu, akapumzika magotini, akaendelea mpaka kwenye kofia. "Kwa hiyo wakamwona huyu," akasema, "wakasema hazina kazi."

Kuna matusi ambayo mtu huyavumilia kwa sababu yamepangwa vizuri.

"Sikiliza," akamwambia dada yangu. "Mimi si mtoto. Bwana Mikutano alisema mbele yangu, funguo nimeshika, kwamba kilicho bora cha nyumba hakukiuza. Mtu mwenye akili kama yule hawezi kubeba takataka kuvuka bahari miaka yote hiyo."

"Nimempikia miaka yote hiyo," akasema dada yangu. "Akili yake naijua."

"Zilizo kwenye mapazia ni zangu, mapazia ni yangu. Tuongee makopo. Unataka nini?"

Dada yangu akakaa kwenye kiti chake cha cherehani. Nilimwona anatazama dirisha, halafu meza ya marehemu, halafu ile misumari ukutani. Hakuharakisha.

"Nataka chumba hiki," akasema. "Kiwe changu, kwa maandishi, na ukuta usiguswe. Lakini nakwambia mbele ya watu hawa: hazina thamani. Tumejaribu benki, tumejaribu kibanda cha vioo, tumejaribu chuma chakavu, tumejaribu mpaka yatima. Hakuna anayezitaka."

"Kakangu huyu amezibeba mwenyewe mlimani na kurudi nazo," akaongeza dada yangu. "Muulize."

"Nitamuuliza huyu?" akasema Mama Ukumbi. Akatabasamu upande mmoja. Nilimwona anavyowaza: maskini akisifu kitu chake, anauza, akikiponda, anaficha. Mtu wa biashara hununua kinachofichwa.

"Na hilo nalo liandikwe," akasema dada yangu. "Kwamba nimekwambia."

Mama Ukumbi akacheka kabisa, kwa furaha, akampiga dada yangu begani kama shoga wa zamani. "Fundi, kumbe u mjanja hivi? Vizuri sana. Andika hazina thamani. Mtu wa kodi akija, akute hivyohivyo."

Nikaandika mimi. Shule yangu niliisoma kwa vipande, mji huu mwezi, mji ule wiki, darasa jingine nikisikiliza dirishani, kwa hiyo mwandiko wangu una lafudhi. Lakini maneno yalisomeka: chumba cha mbele ni cha fundi na ukuta wake hauguswi, makopo ya sarafu ni ya mwenye ukumbi, mwenye ukumbi ameambiwa kwamba sarafu hazina thamani popote, na amekubali. Mama Ukumbi alitia saini ndefu yenye mkia. Vibarua wakatia majina yao. Tukapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, akagonga muhuri bila kusoma, kwa sababu alikuwa anakula.

Vibarua wakayabeba makopo. Mmoja aliguna mlangoni, mpira wa tairi ukakatika, sarafu zikamwagika kizingitini. Mama Ukumbi mwenyewe, na kucha zake na gauni lake, alipiga magoti akaokota zote, mpaka iliyoingia kwenye ufa. Aliichokoa kwa pini ya nywele.

Walipotoweka nikamwambia dada yangu, "Ulimwambia ukweli."

"Nilimwambia. Ulitaka nimwimbie?"

Akalivuta lile pazia lenye madoa mbele yake, akakata pindo lote, akalikunja upya bila uzito. Alimaliza yote kabla ya harusi ya mtoto wa mkubwa. Mapazia yakawa mafupi kidogo, yakaruka.

Yaliyotokea baadaye ni haya. Mama Ukumbi alikodi gari akazipeleka sarafu benki ya mji mkubwa, akiwa amevaa dhahabu zake zote. Wakamwambia noti tu. Akaenda ya pili na ya tatu. Akaamua kwamba benki zimekula njama, akanunua sefu, akazifungia humo, na mpaka leo anasubiri bei ipande. Lango la ukumbi alilitoa upande wa mtaroni, na wageni huvuka kwa ubao. Hatusalimii. Bwana Mikutano anakaa kwa binti yake ghorofani, mkwe wake hasemi naye, na alipiga simu mara moja kuuliza kama zimebaki sarafu za nchi ile aliko, kwa sababu kigari cha kusukumia bidhaa dukani huko hakifunguki mnyororo bila kutumbukiza sarafu. Aliambiwa amuulize Mama Ukumbi. Binti wa kucha alipandishwa cheo. Mbadilisha fedha alifunga kibanda. Mlezi wa yatima bado anapokea magunia. Vibarua wale wawili mmoja anafua hotelini, mwingine sijui. Dada yangu yuko chumba cha mbele, ameongeza cherehani ya pili na mwanamke wa kuishonea, na macho yake yameanza kumsumbua. Mimi niliondoka mvua zilipokwisha. Nalinda gereji katika mji mwingine, na wananilipa, ingawa kwa kuchelewa.